Nitamkemeaje aliyeanguka, na mimi mwenyewe niliwahi kuanguka?

Swali

Shikamoo Baba Mchungaji. Mimi ni mwinjilisti, nina miaka 34, nahudumu mtaa mmoja hapa Kigoma mjini, jirani na mwalo wa Kibirizi. Mhazini wa kwaya yetu, kijana wa miaka 23, amekula shilingi 640,000 tulizochanga za kununulia kinanda. Anasema alizichukua anunue dagaa, auze, azirudishe kabla mtu hajajua. Mvua ikanyesha siku tatu mfululizo, dagaa wakaoza mchangani. Wazee wa kanisa wamenitaka niongoze kikao cha kumjadili mwisho wa mwezi. Wapo wanaotaka atengwe, wapo wanaotaka polisi.

Shida yangu ni hii. Miaka minne iliyopita, baada ya kumzika mtoto wetu wa kwanza, nilikunywa pombe kwa siri karibu mwaka mzima huku nikisimama madhabahuni. Mzee mmoja alinikuta, akanipeleka kwa mchungaji, nikapumzishwa miezi sita. Washarika waliambiwa naumwa. Tangu hapo sijaonja. Sasa nikiwa mkali kwa huyu kijana najiona mnafiki, nikiwa mpole watasema namlea. Je, ninayo haki ya kukalia kile kiti? Niwaambie watu habari zangu? Na wakizijua wenyewe, uso wangu nitauweka wapi?

Jibu

Marahaba, mwanangu. Kabla ya habari za kikao, pole kwa mtoto. Katika barua yako umempitia kwa nusu mstari, mimi hapo nimekaa kitambo. Nitamrudia chini.

Jibu fupi ni kwamba kiti ukikalie. Usijiuzulu, wala usijitafutie safari ya ghafla ya Kasulu siku hiyo. Ila usikikalie kwa sababu tu wewe ni mdhaifu. Siku hizi naona watu wanauvaa udhaifu kama joho: "Mimi nami nimepitia." Kupitia peke yake hakumfundishi mtu huruma. Nimewaona waliokulia kwenye njaa wakawa wachoyo kuliko matajiri, na waliochapwa utotoni ambao leo fimbo haiwatoki mkononi. Kinachokupa nafasi pale mezani ni kwamba ulikutwa, ukapelekwa, ukasema kwa kinywa chako, ukapokelewa. Kuna mtu alikushika mkono huku unanuka pombe, na hakukuachia mpaka mlangoni kwa mchungaji. Kazi hii uliisomea kwake.

Sasa fungua Waebrania 5. Mwandishi anaeleza kuhani mkuu ni mtu wa namna gani, na sifa anayoitaja mapema kabisa siyo elimu wala ukoo. Anasema ni mtu "awezaye kuwachukulia kwa upole wao wasiojua na wenye kupotea, kwa kuwa yeye mwenyewe yu katika hali ya udhaifu." Kisha mstari wa tatu unasema kwa sababu hiyo humpasa kutoa dhabihu kwa ajili ya nafsi yake pia, kama anavyotoa kwa ajili ya watu. Hapo mwandishi anaikumbuka Siku ya Upatanisho katika Mambo ya Walawi 16. Haruni hakuruhusiwa kuanza na dhambi za watu. Alianza na ng'ombe dume kwa ajili yake na nyumba yake, ndipo akaja mbuzi wa watu. Angalia na ukubwa wa mnyama: ng'ombe kwa kuhani mmoja, mbuzi kwa taifa zima. Shika huyo ng'ombe, nitamhitaji tukifika kwenye kikao chako.

Hilo neno "kuwachukulia kwa upole" lina utamu wake. Kwa Kiyunani ni *metriopathein*, na katika Agano Jipya lote limeandikwa hapo tu. Ndani yake kuna neno la kipimo na neno la hisia. Wanafalsafa wa Kiyunani walilitumia kwa mtu ambaye hasira yake ina kiasi, haiwaki kupita kosa wala haizimiki kana kwamba hakuna kilichotokea. Sura ya nyuma yake, 4:15, Kristo anatajwa kwa neno jingine, lile la "kuchukuana nasi", yaani kuumwa pamoja na anayeumwa. Yeye alijaribiwa sawasawa na sisi, bila kufanya dhambi. Kwa hiyo usichanganye udhaifu na dhambi. Yesu alichoka akaketi kisimani, alilia kaburini kwa Lazaro, na Gethsemane aliwaomba rafiki zake wakeshe naye kwa sababu roho yake ilikuwa na huzuni kiasi cha kufa. Huo wote ni udhaifu wa mwili wa binadamu, na hakuna dhambi ndani yake.

Ndiyo maana nimemrudia mtoto wako. Kulia kwako hakukuwa dhambi. Kuishiwa nguvu, kushindwa kulala, kusimama mbele ya watu ukitangaza wema wa Mungu huku kitanda kidogo kiko kitupu nyumbani, hayo ni udhaifu ambao hata Bwana angekaa nao. Dhambi ilikuwa kuficha chupa na kupanda madhabahuni nayo moyoni. Nakuonya juu ya hili kwa sababu najua mtakavyomwendea yule kijana. Naye ana udhaifu na ana dhambi. Umaskini wake na mvua vilikuwa udhaifu, wizi na uongo wa wiki kadhaa ndizo dhambi. Mkivifunga katika furushi moja, ama mtamwadhibu kwa sababu ni maskini, ama mtamsamehe wizi kwa sababu mvua ilinyesha.

Sasa nikuambie kwa nini ukali wa mtu aliyeficha lake ni mbaya kuliko wote.

Nathani alipomwendea Daudi na habari ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake, Daudi aliwaka. "Mtu huyu aliyetenda hili amestahili kufa," akasema, kisha akaongeza kwamba atalipa mara nne. Nenda kwenye torati, Kutoka 22:1, uone adhabu ya mwizi wa kondoo. Ni kulipa kondoo wanne, basi. Kifo hakimo, Daudi alikiongeza mwenyewe. Siku ile alikuwa na Bathsheba, mke wa mtu, ndani ya nyumba yake na damu ya Uria mumewe mikononi, na hakuna aliyekuwa amemgusa bado. Ukimwona mzee kikaoni anadai adhabu inayozidi kanuni zenu wenyewe, usibishane naye. Muulize kwa upole, faraghani, kama analala vizuri.

Nasema hivi kwa kuwa nimekuwa mzee huyo. Nilikuwa na miaka 31, mchungaji mpya katika usharika wa wakulima wa tumbaku huku kwetu Tabora. Mjane mmoja alikuwa akipika wanzuki, pombe yetu ya asali, anauza kwa debe apate ada ya watoto wanne. Kanuni zilitaka aonywe faraghani, akikaidi aonywe mbele ya wazee wawili, na kutangazwa kanisani kuwe mwisho kabisa. Mathayo 18 inasema hivyo hivyo. Mimi niliruka ngazi zote. Nilimtangaza Jumapili, mbele ya watoto wake, kwa jina lake na la marehemu mumewe. Sauti yangu siku hiyo ilisikika hadi barabarani, na nilipongezwa.

Usiku wake ikanyesha mvua ya kwanza ya mwaka. Nikalala macho wazi nikiisikia inavyopiga bati. Bati zile zilikuwa 12, na zote mali ya kanisa. Miezi miwili nyuma nilizitoa stoo usiku nikaezekea nyumba yangu, maana nyasi zilikuwa zinavuja, nikijiambia nitazirudisha nikiuza tumbaku yangu. Kabla mtu hajajua. Unaona kwa nini sentensi ya kijana wako imenichoma.

Mwisho wa habari hiyo uko chini. Kwanza nikuonyeshe shimo la upande wa pili, kwa sababu kwa jinsi ulivyoandika, wewe uko karibu nalo kuliko hili la kwangu.

Daudi huyo huyo, baada ya kutubu, baada ya zaburi zote za machozi, alisikia kwamba mwanawe Amnoni amemnajisi Tamari dada yake. 2 Samweli 13:21 inasema alighadhibika sana. Nikageuza ukurasa nitafute alichofanya, sikuona kitu. Alikasirika, basi. Nadhani, na haya ni maoni yangu, kila alipofungua kinywa aliona sura ya Bathsheba, akafunga. Dhambi yake iliyosamehewa ilimfanya bubu. Tamari akakaa hali ya ukiwa nyumbani kwa Absalomu nduguye, na miaka miwili baadaye Absalomu akajichukulia hukumu mikononi. Huruma isiyosema kitu ina gharama, na gharama hiyo hailipwi na kiongozi. Kwenu huko italipwa na wale akina mama waliochanga elfu mbili mbili kutoka kwenye mihogo na mawese, ambao bado hawana kinanda.

Kwa hiyo ile kauli ya "sisi sote ni wadhambi" iache nje ya mlango siku ya kikao. Ni ya kweli, na hutumiwa zaidi na watu wanaotaka kikao kiishe mapema.

Niseme na hili kwa haraka, lisije likasomwa vibaya: haya yote nayaandika kwa kosa kama la kijana wako. Kama ingekuwa mtoto ameharibiwa, au mke anapigwa, kusingekuwa na kikao cha wazee cha kupima upole. Mngekwenda dawati la jinsia na watoto siku hiyo hiyo, na huduma ya toba ingefuata huko huko mikononi mwa sheria.

Nilihudumu Kigoma miaka minne. Jambo nililoondoka nalo ziwani siyo mahubiri ya mtu. Wakati wa mbalamwezi, kama ujuavyo, taa za wavuvi hazina kazi, dagaa hawaifuati taa wakati ziwa lote limeng'aa. Mitumbwi inalala, na watu wanakaa mchangani kushona nyavu. Alikuwepo mzee mmoja ninayemwona mpaka leo. Wavu ameutandaza mapajani, ukingo wake ameukaza kwa kidole gumba cha mguu, sindano ya mti iliyojaa uzi iko mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ulikuwa na wembe. Nilidhani ataanza kushona. Akaanza kukata. Alizunguka tundu lote akiondoa nyuzi zilizochakaa, tundu likawa kubwa kuliko lilivyokuja. Nikamwambia, Mzee, unaliongeza. Akanijibu bila kuinua kichwa kwamba ukishona juu ya uzi uliooza, utashona tena kesho. Alipofika kwenye jicho zima, lile lenye fundo imara, akasimamisha wembe, akaanza kufuma kutoka hapo.

Paulo anapowaandikia Wagalatia 6:1 kwamba mtu akighafilika katika kosa, "mrejezeni upya mtu kama huyo kwa roho ya upole", kitenzi alichotumia kwa Kiyunani ndicho kile kile cha Mathayo 4:21, Yakobo na Yohana walipokutwa na baba yao "wakizitengeneza nyavu zao". Kumrejeza mtu upya na kutengeneza wavu ni neno moja. Sijui mhubiri angetaka mfano gani zaidi ya huo kwa watu wa Kibirizi. Wembe upo, nao hauendi kila mahali: unafika kwenye uzi uliooza na kuishia kwenye fundo zima. Kisha Paulo anamgeukia mshonaji mwenyewe: "ukijiangalia nafsi yako usije ukajaribiwa wewe mwenyewe."

Basi tuje kwenye kikao, na kwa yule ng'ombe wa Haruni.

Anzeni na dhambi ya uongozi kabla ya dhambi ya kijana. Sisemi uanze na pombe yako, hilo nalijibu punde. Nasema ninyi mliokaa pale. Nani alimkabidhi kijana wa miaka 23 asiye na kipato cha uhakika laki sita na arobaini azishike peke yake? Daftari lake lilikaguliwa lini mara ya mwisho? Kama jibu ni "hatujawahi", liandikwe kwenye muhtasari kabla jina lake halijaandikwa. Liseme wewe mwenyekiti, kwa sauti ya kawaida: "Hili ni letu." Utaona joto la chumba linavyoshuka, na kijana ataacha kutazama sakafu. Kiongozi akimtanguliza ng'ombe wake, hata mbuzi wa watu hachinjwi kwa hasira.

Halafu kijana aseme mwenyewe, asisomewe mashtaka. Mkishamsikiliza, msimfanyie mapunguzo kwenye ukweli: aliiba, alidanganya kwa wiki kadhaa, wenye fedha ni wanakwaya. Wanakwaya waulizwe wanataka nini, kwa sababu mwenye haki ya kusamehe deni ni mwenye fedha, siyo mwinjilisti. Na mzee anayetaka polisi msimnyamazishe kwa kumwambia hana upendo. Anayo haki, na huenda ndiye pekee anayewakumbuka wale akina mama.

Mimi kama ningekuwepo ningependekeza alipe yote. Shilingi 40,000 kila mwezi ni miezi 16, na ratiba yake ifuate giza la ziwani, siyo tarehe za ofisini, maana wakati wa mbalamwezi mtoto wa mwalo hana kitu. Uhazini aache, na usirudi kwake karibuni hata akilia. Kumsamehe mlevi si kumkabidhi funguo za kilabu. Wewe unalijua hilo kuliko mimi. Lakini kuimba msimnyang'anye. Sauti yake haikuiba. Hapo ndipo fundo zima lilipo, anzeni kufuma kutoka hapo. Fedha za kwaya zikae mahali zinapotoka kwa saini za watu watatu, na mzee mmoja apewe kazi ya kumtembelea kila wiki. Nasema kumtembelea, siyo kumchunguza. Ukimaliza kikao, nenda kwa kijana usiku huo huo pamoja na mzee huyo, na umwombe mke wa mzee awape chakula mwende nacho.

Hilo la chakula silitanii. Yohana 21 inasema wanafunzi waliposhuka pwani waliona moto wa makaa, na juu yake samaki, na mkate. Neno hilo la moto wa makaa liko mahali pawili tu katika Agano Jipya, na pa kwanza ni Yohana 18, uani kwa kuhani mkuu, Petro anaota moto na kusema simjui. Kwa watu wa Kigoma sina haja ya kueleza harufu ya makaa na mgebuka inavyomkaa mtu puani. Nadhani Petro aliinusa akakumbuka yote kabla Bwana hajamwuliza neno. Na Bwana hakumwuliza neno mpaka walipokwisha kula. Akauliza mara tatu, sawa na mara tatu za kukana, na Petro akahuzunika, kwa hiyo usiniambie ule ulikuwa upole wa kubembeleza. Lakini hakuulizwa "kwa nini?" Aliulizwa kama anapenda, akapewa kazi.

Sasa la kuwaambia watu. Mazungumzo yale ya Petro yalifanyika pwani, na waliokuwepo ni wenzake sita, siyo umati wa Kapernaumu. Hata hivyo habari ya kukana kwake tunayo katika Injili zote nne. Mapokeo ya kale, ya askofu Papia, yanasema Marko aliandika akifuata mahubiri ya Petro, na mimi nashawishika kwamba aliyeisambaza aibu ile ni Petro mwenyewe, muda ulipofika. Muda ulipofika, mwanangu. Siku ya kikao muda haujafika. Ukisimama ukasema "hata mimi nilikuwa mlevi", kikao kitageuka kuwa chako. Nusu watalia, nusu watakumbuka ile miezi sita na kujumlisha, na kijana atasahaulika pale kwenye benchi na deni lake. Huo si unyenyekevu, hata kama utafanana nao.

Wazee wetu wa uamsho, ule ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukaingia Uganda, Burundi na Tanganyika, walikuwa na neno zuri la "kutembea nuruni", kutoka 1 Yohana 1. Waliungama mbele ya wenzao, wenye vyeo na wasio na vyeo, wazungu na weusi, na kwa zama zile jambo hilo lilikuwa kama tetemeko. Nawaheshimu mno. Lakini nimekaa pia kwenye ushirika ambako kuungama kuligeuka kuwa mashindano, anayesimulia dhambi nzito zaidi ndiye anayeonekana wa kiroho, na nimeona ndoa zikivunjika kwa maneno yaliyosemwa mbele ya watu 60 kabla mke hajayasikia nyumbani. Kwa hiyo nina mpangilio wangu. Mkeo anajua yote? Kama kuna kilichobaki, anza hapo. Kisha mchungaji wako wa sasa, ajue kabla ya kikao ili usiongoze ukiwa na kitu mfukoni. Wazee waambie siku nyingine, kikao hiki kikishapoa, kwa maneno machache, bila kutaja chupa ngapi wala wapi. Lile neno "anaumwa" walilopewa washarika halikuwa uongo mtupu, lakini limekaa kama pazia, na pazia la miaka minne linaanza kumlemea aliyelishika. Na kijana mwambie mwenyewe, akishalipa mara tatu au nne bila kusukumwa. Ukimwambia mapema atadhani unamwombea radhi.

Umeuliza: na wakijua wenyewe, utauweka wapi uso wako? Basi nimalizie habari ya bati.

Ilinichukua karibu miaka miwili. Nilimwendea mkuu wangu wa kazi, nikasimama mbele ya wazee, nikalipa bati 12 mpya, nikasimamishwa huduma kwa muda, na kwa haki kabisa. Zile safari zote niliziweza. Iliyonishinda kwa wiki tatu ni ya kwenda kwa yule mama. Nilimkuta uani anapepeta mchele. Nikamwambia yote, ya kumtangaza na ya bati. Hakuacha kupepeta. Akaniambia, "Baba, kati ya nyumba yangu na stoo ya kanisa kuna ule mwembe tu. Usiku ule nilihesabu safari zako. Zilikuwa sita, bati mbili mbili."

Nikamwuliza, sasa siku ile ninamtangaza mbele ya watoto wake, mbona hakusimama akasema?

Akapuliza makapi, akatikisa ungo.

"Mvua zilikuwa karibu, Baba, na mkeo alikuwa mjamzito."